Fuvu, Karatasi na Kabati la Kioo

Leo wekeni kalamu chini kidogo, msikilize habari ya fuvu.

Watu wa Iringa mwaijua nusu yake. Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891. Mwaka 1894 waliiteka ngome yake ya Kalenga, naye akaendelea kupigana porini hata Julai 1898, alipojiua kwa bunduki ili asishikwe. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ujerumani. Mwili ulizikwa Mlambalasi.

Sasa tazameni kazi ya maandishi. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, mataifa yaliandikiana Mkataba wa Versailles, mwaka 1919. Ni maandishi marefu ya mipaka na fidia. Lakini kifungu cha 246 chaitaka Ujerumani iwakabidhi Waingereza, kwa muda wa miezi 6, fuvu la Sultani Mkwawa. (Kifungu hicho hicho chadai na Kurani ya kale ya Khalifa Uthman. Majirani wa ajabu hao!) Miezi 6 ikapita, ikapita na miaka zaidi ya 30, fuvu halikuja. Hata hivyo neno lilikuwa limekwisha andikwa, na mwenye kudai alikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Mwaka 1953 Gavana Twining alikwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen. Alikuta mafuvu mengi mno, wala hapana lililoandikwa jina la Mkwawa. Basi walilijuaje? Walipima. Walitafuta lenye vipimo vilivyokaribiana na vichwa vya jamaa zake, wakachagua moja lenye tundu kama la risasi. Mwaka 1954 Gavana alilikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa.

Wako wataalamu wasiosadiki mpaka leo kwamba ndilo lenyewe. Mimi naona swali lao ni la haki, maana kupima si sawa na kujua. Lakini tazameni mahali palivyofanya kazi: Bremen lilikuwa fuvu moja katika mengi, Kalenga, ndani ya kabati la kioo, ni babu, na watu huingia kwa adabu.

Na ninyi wa Mbeya? Kimondo cha Mbozi hakikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa ni chuma cha urefu wa meta 3 hivi, uzito wake tani nyingi. (Tangu mwaka 2016 Mbozi imo katika Mkoa wa Songwe.) Vitabu vyasema kiligunduliwa mwaka 1930. Wenyeji walikuwa wakikijua zamani, ila hawakuandika.

Kazi ya juma hili: tafuteni kitu kimoja cha kale nyumbani, jembe, chungu au mkuki. Waulizeni wazee kilitengenezwa na nani, wapi, kikatumiwaje. Andikeni mistari mitatu, na jina la mzee aliyewaambia, kisha mfunge karatasi hiyo kwenye kitu chenyewe.