Idadi na Maana Yake: Historia ya Vihesabio vya Kadi za Mtandao, 1980–2021

Utangulizi

Kila kadi ya mtandao hubeba ndani yake vihesabio, yaani rejista ndogo ambazo huongezeka kila fremu ya data inapopokelewa, inapotumwa au inapogunduliwa kuwa na kasoro. Programu kiendeshi, ambayo huiunganisha kadi hiyo na mfumo endeshi wa kompyuta, ndiyo huzisoma rejista hizo na kuyakabidhi matokeo kwa msimamizi wa mtandao. Kwa mtazamo wa haraka, kazi hiyo ni ya wahandisi peke yao. Makala haya yanatoa hoja tofauti: katika kipindi cha takribani miaka 40, mashine hazikupungukiwa na idadi; kilichochelewa ni makubaliano kuhusu kile ambacho kila idadi inakitaja. Hilo ni suala la istilahi, na lina athari kwa sera za mawasiliano katika Afrika Mashariki.

Kuhesabu kabla ya makubaliano

Mtandao wa Etheneti ulibuniwa mwaka 1973 katika kituo cha utafiti cha Xerox, Palo Alto, California, na ukaelezwa hadharani na Robert Metcalfe na David Boggs katika makala yao ya mwaka 1976. Mwezi Desemba 1980, John Shoch na Jon Hupp walichapisha vipimo vya mtandao huo uliokuwa ukitumika kila siku kituoni hapo. Upimaji ulirahisishwa na umbo la mtandao wenyewe. Kompyuta zote zilitumia waya mmoja, hivyo kompyuta moja iliweza kusikiliza na kuhesabu kila kilichopita.

Mitandao ilipokua na kugawanywa katika sehemu nyingi, msikilizaji mmoja hakutosha tena. Kila kifaa kililazimika kujihesabia na kutoa taarifa kilipoulizwa. Mwezi Agosti 1988 ilichapishwa nyaraka za RFC 1065, 1066 na 1067, zilizoweka msingi wa itifaki ya SNMP ya kusimamia vifaa vya mtandao. Waraka wa RFC 1066 ulijizuia kwa makusudi: orodha ya vitu vya kufuatiliwa isizidi sana 100, na mwongozo wa jumla ukawa kihesabio kimoja kwa kila sehemu nyeti ya programu katika kila tabaka. Sababu yake ni kwamba kila nyongeza ya moja hugharimu muda wa kichakato, na kifaa kinachohesabu kupita kiasi hudhoofisha kazi kinayoihesabu.

Mita inayorudi sifuri

Waraka wa RFC 1065 ulikifafanua kihesabio kuwa namba isiyo hasi inayopanda tu hadi ifike kikomo cha 4,294,967,295, yaani upeo wa biti 32, kisha ianze tena sifuri. Tabia hiyo inafanana na ile ya mita ya maji. Msomaji wa mita hapati maana katika namba anayoiona leo, bali katika tofauti kati yake na ile ya mwezi uliopita. Tofauti hiyo huaminika tu ikiwa mita haikuzunguka zaidi ya mara moja kati ya masomo mawili.

Mwaka 1994 Tobias Oetiker alianza kuandika programu ya MRTG ili kuchora grafu ya matumizi ya laini ya kilobiti 64 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kihesabio cha baiti huhitaji zaidi ya siku 6 kuzunguka, na desturi ya kukisoma kila baada ya dakika 5 ilikuwa salama kabisa. Hali hubadilika kasi inapopanda. Kwa megabiti 10 kwa sekunde, mzunguko huchukua dakika 57 hivi. Kwa megabiti 100, dakika 5.7, na kwa gigabiti 1, sekunde 34. Kwa kasi hii ya mwisho, anayesoma kila baada ya dakika 5 hukosa mizunguko kadhaa, na grafu yake huonyesha matumizi madogo pale ambapo laini imejaa. Namba iliyo mbele yake ni halali. Hitimisho lake ndilo batili.

Waraka wa RFC 1573 wa mwaka 1994 ulileta vihesabio vya biti 64 na kuvifanya vya lazima, kwa upande wa baiti, kwa violesura vyenye kasi inayozidi megabiti 20 kwa sekunde. Hata hivyo, kanuni iliyoandikwa haikubadilisha maunzi yaliyokwisha kuuzwa. Katika familia ya kadi za Intel 8254x, kwa mfano, rejista za takwimu hujifuta zinaposomwa, na zikifika kikomo hazizunguki bali hukwama hapo. Programu kiendeshi ya kadi hizo katika Linux huzisoma kila baada ya sekunde 2 hivi na kujumlisha matokeo katika kumbukumbu yake yenyewe. Hivyo jumla anayoiona msimamizi haimo ndani ya kadi. Imehifadhiwa na programu kiendeshi, na hutegemea uangalifu wa aliyeiandika. Linux yenyewe ilianza kutoa takwimu za biti 64 kwa violesura vyote, hata kwenye kompyuta za biti 32, mwaka 2010.

Neno moja, matukio mengi

Tatizo la upana wa namba lilitatuliwa kwa hesabu. Tatizo la majina lilidumu zaidi. Waraka wa RFC 1213 wa mwaka 1991 ulitenganisha fremu zilizo na kasoro na zile ambazo kifaa kiliamua kuzitupa ingawa hazikuwa na kasoro yoyote. Katika Linux kulikuwa na aina ya tatu: fremu zilizofika salama lakini zikaikuta kadi haina nafasi ya kuzipokea. Mpaka kati ya aina hizi haukuelezwa kikamilifu. Mwandishi mmoja wa programu kiendeshi aliziweka fremu zilizokosa nafasi katika safu ya zilizotupwa, na mwingine aliziweka katika safu yake ya pekee. Isitoshe, chombo cha ethtool kilimruhusu kila mwandishi kutunga majina yake ya vihesabio, mradi yasizidi nafasi ya herufi 32. Tukio moja lilipata majina mengi, na jina moja likabeba matukio tofauti.

Mwaka 2020 fasili za takwimu za violesura katika Linux ziliandikwa upya kwa ukali zaidi, na mwaka 2021, katika toleo la 5.13, yaliongezwa makundi sanifu ya vihesabio yaliyofungamanishwa na fasili za kiwango cha IEEE 802.3. Vihesabio vyenyewe vilikuwa vikifanya kazi miaka yote hiyo. Kilichoongezwa ni kamusi.

Funzo kwa Kiswahili na kwa sera

Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Afrika Mashariki, na laini za kasi kubwa zikaacha kuwa jambo la nchi za mbali. Tangu hapo swali la nini hasa kinahesabiwa limekuwa na gharama. Fremu zenye kasoro huelekeza kwenye waya au kiunganishi kibovu. Fremu zilizokosa nafasi huelekeza kwenye kompyuta iliyozidiwa. Fremu zilizotupwa huenda zisiashirie hitilafu yoyote, kwa kuwa mfumo hutupa pia data za itifaki usizozitumia. Taasisi inayozijumlisha zote inaweza kununua waya mpya wakati iliyochoka ni seva.

Neno linalokuja haraka katika Kiswahili ni “data iliyopotea”. Neno hilo hutaja hali kama inavyoonekana na aliyeikosa data, wala halisemi ilipotelea wapi wala kwa sababu gani. Ilhali sarufi ya Kiswahili ina nyenzo bora zaidi. Kauli ya kutendeka katika “kuharibika” hueleza tukio lisilo na mtenda. Kauli ya kutendwa katika “kutupwa” huashiria kwamba kuna aliyeamua. Na “kukosa nafasi” hutaja upungufu wa mpokeaji. Istilahi fremu iliyoharibika, fremu iliyotupwa na fremu iliyokosa nafasi zinabeba katika umbo la kitenzi tofauti ambazo wahandisi walilazimika kuzifafanua kwa aya nzima.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba takwimu haijitoshelezi bila fasili. Mikataba na kanuni za ubora wa huduma zinazoandikwa kwa Kiswahili zinapaswa kutaja kihesabio kinachotumika, upana wake, mahali kinaposomwa, na muda kati ya somo moja na jingine. Zinapaswa pia kutenganisha kuharibika, kutupwa na kukosa nafasi. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wahandisi peke yao, wala wanaisimu peke yao. Ikiachwa bila mwenyewe, pande mbili za mkataba zinaweza kukubaliana kuhusu namba huku kila upande ukihesabu kitu tofauti.