Ngazi, Ubao, Kompyuta: Historia Fupi ya Kuvuta Mgongo

Kwenye maktaba ya Laurenziana mjini Florence kuna kitabu cha mkono cha Kigiriki chenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Kina picha ya mtu aliyefungwa kwenye ngazi. Si adhabu hiyo. Anatibiwa mgongo.

Maelezo yake yamo katika maandishi yanayobeba jina la Hippocrates, ya karibu miaka 2,400 iliyopita. Mwenye kibyongo alifungwa kwenye ngazi, akavutwa kwa kamba hadi juu ya mnara au paa, kisha ngazi ikaachiwa ishuke kwa kishindo ili uzito wake mwenyewe umnyooshe. Lakini mwandishi hakuipenda njia hii. Kwa maoni yake, waliopenda kuitumia ni waganga wa kushangaza umati, wasiojali mgonjwa aliishia wapi. Yeye alipendelea ubao: mgonjwa analala kifudifudi, kamba zinamvuta huku na huku, daktari anakandamiza mgongo.

Ubao huo ulisafiri. Mwaka 1465 Şerafeddin Sabuncuoğlu, daktari wa Amasya, Uturuki, alichora uvutaji wa namna hiyo katika kitabu chake cha upasuaji.

Wote hao walivuta bila kujua kuhusu diski. Ni mwaka 1934, kule Boston, ndipo William Mixter na Joseph Barr walipoeleza kwamba diski iliyopasuka kati ya pingili inaweza kubana neva na kuleta yale maumivu ya kushuka mguuni. Kisu kikapata umaarufu, lakini kamba haikustaafu. James Cyriax aliitetea London, katika hospitali ya St Thomas'. Miaka ya 1990 Allan Dyer wa Kanada akaleta meza ya VAX-D: mikanda kiunoni, meza inayofunguka, mashine inayovuta na kulegeza kwa zamu. Ahadi ni kwamba presha ndani ya diski inashuka na diski inarudi mahali pake.

Nilianza kusoma haya kwa sababu ya mama yangu, muuza viazi Marikiti. Kliniki moja ilimtaka alipe vikao 20 kwa mkupuo, kabla hata ya kulala mezani. Akaniuliza, "Wewe uliyeacha chuo unasoma tu siku nzima, hii kitu ni ya ukweli?"

Jibu lipo. Mwaka 2013 watafiti wa Cochrane walikusanya majaribio 32 yenye watu 2,762 kuhusu kuvuta mgongo kwa jumla. Waliona kwamba kuvuta, peke yake au pamoja na tiba nyingine, kunasaidia kidogo sana au hakusaidii kabisa. Basi mbona wengi wanaapa walipona? Kwa sababu diski iliyotokeza mara nyingi hunywea yenyewe baada ya wiki au miezi. Ukilipia vikao vya miezi 2, muda unafanya kazi, mashine inachukua sifa. (Ila mkojo ukigoma au sehemu za siri zikifa ganzi, kimbia hospitali leo hii.)

Sisemi kila mwenye meza hiyo ni tapeli. Nasema swali la yule Mgiriki halijazeeka: mgonjwa aliishia wapi? Anayetaka pesa yote mbele alijibu kwanza.