Muziki hauongezi akili, ila huamsha ari

KILA msimu wa mitihani unapowadia, mzozo huzuka katika nyumba nyingi. Mtahiniwa amefungua kitabu cha Historia, masikioni amepachika vipokea-sauti, na akikemewa hujibu kwamba hawezi kusoma pasipo muziki. Mzazi naye hushikilia kuwa huo ni upuuzi. Utafiti unaonyesha kwamba kila mmoja wao ana sehemu ya haki, ingawa kuhusu kitabu cha Historia mzazi ndiye aliye karibu zaidi na ukweli.

Imani kwamba muziki hunoa bongo ilishika kasi mwaka wa 1993, Frances Rauscher na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walipochapisha ripoti fupi katika jarida la Nature. Wanafunzi wa chuo waliosikiliza utunzi wa Mozart kwa dakika 10 walijibu maswali ya maumbo vyema kuliko waliokaa kimya. Manufaa hayo yalidumu kwa takriban robo saa tu.

Habari zilipowafikia umma zilikuwa zimeota mbawa. Ilisemekana sasa kwamba Mozart huwapa watoto wachanga akili, ilhali hakuna mtoto mchanga aliyeshirikishwa katika jaribio hilo. Mnamo 1998, Zell Miller, aliyekuwa gavana wa jimbo la Georgia nchini Marekani, alipendekeza fedha za umma zitumiwe kumpa kila mtoto anayezaliwa rekodi ya muziki wa aina hiyo.

Ufafanuzi wa kuridhisha ulitolewa mwaka wa 2001 na William Thompson, Glenn Schellenberg na Gabriela Husain. Walilinganisha utunzi mchangamfu wa Mozart na mwingine wa polepole wenye huzuni. Ule wa kwanza uliinua alama, wa pili haukufua dafu. Watafiti hao walipozingatia hali ya moyo na uchangamfu wa wasikilizaji, ubora wa Mozart ulitoweka. Muziki ulikuwa umewachangamsha wanafunzi, basi, na mtu aliyechangamka hufikiri upesi.

Msomaji atambue jambo moja: katika majaribio hayo muziki ulisikilizwa kabla ya kazi, si wakati wa kazi. Nick Perham na Joanne Vizard, waliofanya uchunguzi wao nchini Uingereza, waliwapigia watu muziki huku wakijaribu kukariri herufi kwa mpangilio. Muziki uliwavuruga, na wimbo walioupenda uliwavuruga sawa na ule walioukirihi. Maneno ya wimbo ndiyo hatari zaidi kwa anayesoma, maana akili hulazimika kushughulikia matini mbili kwa wakati mmoja.

Kazi ya mikono na miguu ni kisa kingine. Wahenga walilifahamu hili zamani. Ndiyo sababu fasihi simulizi ina kimai za mabaharia na wawe za wakulima. Mdundo hupatanisha mikono ya wengi na kuusahaulisha mwili uchovu. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ambaye ameuchunguza muziki wa michezo kwa miaka mingi, anaufananisha na dawa halali ya kuongeza nguvu. Mwaka wa 1998, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ukumbini jijini Birmingham huku wimbo Scatman, wenye mdundo uliolingana na hatua zake, ukichezwa ukumbini humo. Hata hivyo, nguvu hiyo ina kikomo. Mwanariadha akikaza mbio hadi pumzi kumwishia, muziki haumpunguzii tena hisia ya uchovu, kwani mwili hupiga kelele kuliko wimbo.

Raha yenyewe hutoka wapi? Mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walipiga picha za ubongo wa watu waliokuwa wakisikiliza nyimbo walizojichagulia. Ubongo ulitoa dopamini, kemikali inayohusika pia na raha ya chakula, katika kilele cha wimbo na hata kabla yake, msikilizaji akikisubiri. Kwa hivyo taarabu itamsisimua mmoja na benga mwingine. Hakuna orodha moja ya nyimbo za ari itakayowafaa wote.

Kuhusu nyimbo za huzuni, wengi huzisikiliza na kuliwazika, hasa kwa sababu huwakumbusha siku zilizopita. Lakini mtu mwenye mfadhaiko wa akili, aliyezoea kuyacheua mawazo yale yale, anaweza kutoka katika nyimbo hizo akiwa ameelemewa zaidi, na hata hivyo akazirudia. Tiba ya muziki inayotolewa kwa wagonjwa kama huyo ni jambo tofauti na kusikiliza redio: huendeshwa na mtaalamu, mgonjwa mwenyewe akiimba au kupiga ala mara nyingine, na huambatana na matibabu ya kawaida.