Kifuniko cha Pipa na Ngao ya Shujaa

Mnamo Desemba 1940, Joe Simon na Jack Kirby, Wayahudi wawili waliokuwa wakifanya kazi New York, walitoa kitabu cha katuni ambacho jalada lake halikuhitaji mfasiri: mtu aliyevaa rangi za bendera ya Marekani anampiga Hitler ngumi ya taya. Jalada lenyewe lilibandikwa tarehe ya Machi 1941. Shambulio la Pearl Harbor, lililoiingiza Marekani vitani, lilikuwa bado karibu mwaka mzima mbele. Captain America alizaliwa, basi, kama hoja iliyoelekezwa kwa taifa lililokuwa likisitasita. Kirby aliandikishwa jeshini mwaka 1943; mwaka uliofuata alikuwa Ufaransa, askari wa miguu, na baridi ya huko ikamuumiza miguu vibaya. Mchoraji wa ngumi ile alikwenda kuionja vita kwa mwili wake.

Naikumbusha historia hiyo kwa sababu filamu ya mwaka 2011, Captain America: The First Avenger, iliyoongozwa na Joe Johnston, ilirithi mzigo mgumu. Katika kitabu cha kwanza chimbuko la shujaa linamalizwa kwa kurasa chache: kijana dhaifu aliyekataliwa na jeshi anadungwa dawa, anakuwa pande la mtu, jasusi anampiga risasi mwanasayansi, basi. Kwa nini achaguliwe huyu na si dhaifu mwingine? Katuni haikujali sana swali hilo. Filamu inalikalia, na hapo ndipo ninapoona siri ya kufaulu kwake.

Wapenzi wa lugha watanielewa upesi. Waingereza huwaita wahusika hawa kwa neno linaloanza na kiambishi cha kuzidi kiasi. Sisi husema shujaa tu, na tukitaka kufafanua huongeza "mwenye nguvu za ajabu". Shujaa ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na kiini chake ni uthabiti wa moyo; misuli haimo. Nguvu za ajabu ni kivumishi kinachokuja baadaye. Filamu hii, iliyotengenezwa na watu wasiojua Kiswahili hata chembe, imefuata mpangilio huohuo.

Tazama inavyopangwa. Steve Rogers anamkemea mtu anayepiga kelele ndani ya sinema wakati wa habari za vita. Anaburutwa uchochoroni na kupigwa, naye anajikinga kwa kifuniko cha pipa la taka. Anaanguka, anainuka. Baadaye, kambini, Kanali Phillips anataka kuonyesha kwamba majitu ndiyo yanayofaa, hivyo anarusha guruneti bandia katikati ya waliopanga mstari. Majitu yanatawanyika. Rogers anajitupa juu ya guruneti na kulikumbatia kwa kifua chake chembamba, huku akiwapungia wenzake wakae mbali. Dawa bado haijaguswa. Na tunapoelezwa na Daktari Erskine, Mjerumani aliyeikimbia nchi yake, kwamba dawa hukuza kilichomo ndani ya mtu, na kwamba adui mkuu wa filamu aliwahi kuipokea kabla haijakamilika, tunatambua kuwa shujaa na mwovu wametoka chupa moja.

Fumo Liyongo wa tenzi zetu hutujia akiwa na nguvu zake tayari. Utenzi hauulizi alizipata wapi. Unatuonyesha zinamfikisha wapi, hadi kwenye shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe. Filamu ya chimbuko haina ruhusa hiyo. Isipotuonyesha moyo kabla ya nguvu, tutabaki tunashangilia sindano.

Jambo la pili linalonivutia ni ujasiri wa filamu kuicheka asili yake. Rogers akishapata mwili mpya, serikali haimpeleki mstari wa mbele. Inampeleka jukwaani, pamoja na wasichana wanaocheza, auze hatifungani za vita. Kila usiku anampiga ngumi mwigizaji aliyevaa kama Hitler. Ni lile jalada la 1941, sasa limekuwa kichekesho cha kukusanyia fedha. Kisha anapelekwa Italia kuwatumbuiza askari waliotoka kuuawa wenzao, nao wanamzomea. Sijui filamu nyingi za aina hii zinazokubali kuzomewa na watu wa vita. Zomeo hilo ndilo linalomsukuma kwenda peke yake kuwatafuta mateka.

Baada ya hapo, kwa maoni yangu, filamu inalegea. Manazi wanasukumwa pembeni na kundi la kubuni lenye silaha za mwali wa buluu, na anayepigwa hutoweka bila damu wala maiti. Vita visivyo na maiti ni gwaride.

Wonder Woman ya Patty Jenkins, ya mwaka 2017, ilikwaa kisiki kilekile kwa njia nyingine. Ilimhamisha Diana, aliyebuniwa mwaka 1941, hadi Vita Kuu ya Kwanza. Anavuka uwanja wa mauti baina ya mahandaki, anakikomboa kijiji, na muda mfupi baadaye kijiji hichohicho kinauawa kwa gesi ya sumu. Anamwua Jenerali Ludendorff akidhani ndiye mungu wa vita. Askari wanaendelea kupakia gesi kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo nilishusha pumzi: filamu imethubutu. Halafu mungu halisi anajitokeza, wanapigana kwa radi na moto, anakufa, na askari wanakumbatiana. Ludendorff wa historia aliishi hadi 1937, na mwaka 1923 aliandamana na Hitler mjini Munich.

Johnston, pamoja na mialike yake ya buluu, aliukumbuka mwisho wa hesabu. Rogers anaiangusha ndege kwenye barafu huku akiongea redioni na Peggy Carter, wakipanga siku ya kwenda kucheza dansi. Anaamka New York karibu miaka 70 baadaye, anakimbia hadi barabarani, katikati ya mataa asiyoyajua. Anaulizwa kama yu salama. Anajibu kwamba alikuwa na miadi.