Nyota wa Beijing na Uzio wa Jumba la Sanaa

Tarehe 27 Septemba 1979, watu waliopita kando ya Jumba la Sanaa la China mjini Beijing waliukuta uzio wa bustani yake umetundikwa picha na michongo, si kwa amri ya serikali wala kwa idhini ya wakubwa wa sanaa, bali kwa ghera ya vijana waliojiita Nyota, ambao aghalabu yao hawakupata kukanyaga chuo cha sanaa. Miongoni mwao walikuwamo Huang Rui, Ma Desheng, Wang Keping, na Ai Weiwei, mwana wa mshairi Ai Qing.

Wang Keping, aliyejifunza kuchonga pasi na mwalimu, alileta kichwa cha mti alichokiita Kimya: kinywa kimeachama, lakini kimezibwa kwa kizibo cha mti uleule. Watu waliotoka katika ile miaka kumi ya Mapinduzi ya Utamaduni, ambamo neno moja liliweza kumwangamiza mtu na jamaa zake, hawakuhitaji kufasiriwa.

Siku mbili baadaye polisi waliyafunga maonyesho. Nao Nyota, tarehe 1 Oktoba, siku ambayo Jamhuri ilitimiza miaka 30, waliandamana hadharani wakidai uhuru wa sanaa, na Ma Desheng, ambaye ni kiwete, alitembea nao kwa magongo yake.

Mwaka uliofuata waliruhusiwa kuingia ndani ya jumba lenyewe, na umati ukafurika. Aliyewapa idhini ni mzee Jiang Feng, kiongozi wa chama cha wasanii. Na hapa ndipo kadhia hii inaponigusa zaidi, kwa kuwa mzee huyo, aliyevuliwa vyeo mwaka 1957, ndiye yule aliyekuwa kijana katika darasa dogo la kuchonga mbao za kupigia chapa, lililoandaliwa na mwandishi Lu Xun mjini Shanghai mwaka 1931, ili sanaa iwafikie mafukara. Hivyo basi si sahihi kusema, kama wasemavyo wengi, kwamba Nyota waliiga Ulaya tu. Walirithi amana ya nyumbani kwao.

Wengi wao walihamia ng'ambo katika miaka ya 1980. Ai Weiwei alirejea mwaka 1993, na baada ya tetemeko la Sichuan la mwaka 2008, maafisa walipokataa kuwataja watoto waliofukiwa na madarasa yao, yeye na watu waliojitolea walikwenda mlango kwa mlango, wakayaandika majina zaidi ya 5,000.