Viza na Paa: Historia ya Uenyeji wa Ubingwa wa Dunia wa Mpira wa Kikapu

Mashindano ya dunia ya mpira wa kikapu kwa timu za taifa yaliamuliwa na shirikisho la kimataifa, FIBA, jijini London mwaka 1948, wakati wa Michezo ya Olimpiki. Ajentina ndiyo iliyokabidhiwa uenyeji wa kwanza. Oktoba 1950 timu 10 zilikutana katika ukumbi wa Luna Park, Buenos Aires, na wenyeji wakatwaa ubingwa kwa kuifunga Marekani pointi 64 kwa 50. Misri, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imeandaa na kushinda ubingwa wa Ulaya jijini Cairo, ilishika nafasi ya tano.

Siasa iliingia uwanjani tangu mwanzo huo. Yugoslavia iligoma kucheza na Hispania ya Jenerali Franco, ikaadhibiwa. Tangu hapo mwenyeji yeyote amekuwa na mambo mawili ya kuhakikisha kabla ya mengine yote: kila timu iliyofuzu iruhusiwe kuingia nchini, na uwepo ukumbi wa kuchezea.

Chile ilikwama kwenye ukumbi. Mashindano yaliyopangwa kufanyika 1958 yalisogezwa hadi Januari 1959 kwa sababu ukumbi mpya wa Santiago haukuwa umekamilika, na hata baada ya kusubiri huko mechi za hatua ya mwisho zilichezwa nje, katika Uwanja wa Taifa wa soka. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na timu kali kuliko zote, ukaicharaza Marekani 62 kwa 37. Lakini Wasovieti na Wabulgaria walikataa kucheza na Taiwan, wakanyang'anywa nafasi zao. Brazili ikawa bingwa, na Taiwan ikapanda hadi nafasi ya nne.

Kisa cha Manila ndicho kinachofundisha zaidi. Ufilipino ni nchi inayoupenda mchezo huu kuliko mwingine wowote, na ilikuwa imepewa uenyeji wa 1962. Serikali ya Rais Diosdado Macapagal ikawanyima viza wachezaji wa nchi za kikomunisti. FIBA ingeweza kuzifuta timu hizo na kuendelea. Ikachagua kumfuta mwenyeji. Mashindano yalihamishiwa Rio de Janeiro, yakafanyika Mei 1963 bila Ufilipino, na Brazili ikatetea taji lake mbele ya mashabiki wake. Uamuzi huo ulikuwa mchungu kwa Wafilipino, lakini ulikuwa wa haki: ubingwa wa dunia ambao mwenyeji anachagua wa kuingia na wa kubaki nje haustahili jina hilo. Manila ilisubiri hadi 1978. Safari hiyo Wasovieti na Wayugoslavia walikuja, tena wakakutana katika fainali, Yugoslavia ikashinda 82 kwa 81 baada ya muda wa nyongeza.

Mwaka 1994 mambo yaligeuka, mwenyeji akawa ndiye aliyefungiwa. Belgrade ilikuwa imepangiwa mashindano, lakini vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Yugoslavia, vilivyowekwa Mei 1992 kwa sababu ya vita vya Bosnia, viliyaondoa huko. Toronto na Hamilton, nchini Kanada, zikayapokea. Fainali kati ya Marekani na Urusi ilihudhuriwa na watazamaji 32,616, rekodi iliyodumu karibu miaka 30.

Mashindano yalizidi kukua. China ilipokea timu 32 mwaka 2019 katika miji minane. Mwaka 2023 mzigo uligawanywa kwa mara ya kwanza kati ya nchi tatu: Ufilipino, Japani na Indonesia. Uenyeji wenyewe haukuihakikishia Indonesia nafasi ya kucheza; FIBA iliitaka kwanza ifike robo fainali ya Kombe la Asia, ikashindwa, ikabaki kuandaa mechi za wengine jijini Jakarta. Rekodi ya Toronto ilivunjwa siku ya ufunguzi karibu na Manila, watu 38,115 walipojaa kuiona Ufilipino ikicheza na Jamhuri ya Dominika. Ujerumani ilitwaa kombe kwa kuifunga Serbia 83 kwa 77.

Fainali za 2027 zimepewa Doha, nchini Qatar. Afrika haijawahi kuandaa kombe hili la wanaume, ingawa timu yake ilikuwepo Buenos Aires tangu siku ya kwanza. Hoja ya kukosa ukumbi imepungua nguvu: Kigali ilifungua ukumbi wa watu 10,000 mwaka 2019, na miaka miwili baadaye ikapokea humo timu zote 16 za ubingwa wa Afrika. Kumbi kama huo zikipatikana katika nchi mbili au tatu jirani, na mipaka ikafunguliwa kwa kila timu, mashirikisho ya Afrika yana kila sababu ya kuomba uenyeji huo kwa pamoja.