Henry McNeal Turner na Kiti cha Bunge la Georgia

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii tumezoea kuisikia katika mambo ya biashara na ya ushirika, ambamo mtu asiyeandika mapato na matumizi yake hujikuta siku moja hana kitu, wala hajui kilikwendaje. Lakini haki za watu nazo ni mali, tena ni mali iliyo kubwa kuliko fedha. Katika insha hii tunakusudia kueleza habari za Henry McNeal Turner, mtu mweusi wa Marekani, aliyekuwa mbunge wa Georgia kwa kipindi kimoja tu, kuanzia mwaka 1868. Hata kipindi hicho hakukitumikia chote, kwani kwa zaidi ya mwaka mmoja alikuwa amenyang'anywa kiti chake. Twaamini kwamba katika kipindi hicho kifupi mna fundisho ambalo wabunge wengi waliokaa miaka ishirini hawakutuachia.

Kwanza yafaa msomaji aelewe jinsi Marekani inavyotawaliwa. Nchi ile ni muungano wa majimbo, na kila jimbo lina gavana wake, mahakama zake na bunge lake; bunge la Georgia lina mabaraza mawili: Seneti na Baraza la Wawakilishi. Juu ya majimbo yote iko serikali ya muungano yenye makao yake Washington, pamoja na bunge lake liitwalo Kongresi. Georgia ni jimbo la kusini-mashariki, nchi ya pamba, na kabla ya mwaka 1865 utajiri wake ulitokana na jasho la watumwa weusi.

Turner alizaliwa mwaka 1834 katika jimbo jirani la South Carolina. Wazazi wake hawakuwa watumwa, lakini uhuru wa mtu mweusi katika jimbo lile ulikuwa uhuru wa jina. Sheria ilikataza watu weusi wasifundishwe kusoma. Kijana Turner alipata elimu yake kwa njia ya kando: aliajiriwa kufagia na kutumwa huku na huko katika ofisi ya mawakili, na baadhi yao, walipoiona akili yake, wakamfundisha. Mwaka 1853 alipewa idhini ya kuhubiri, na mwaka 1858 alijiunga na Kanisa la African Methodist Episcopal, ambalo lilianzishwa na kuongozwa na watu weusi wenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini, Turner alikuwa mchungaji mjini Washington. Alisaidia kuandikisha askari weusi, na mwaka 1863 akateuliwa kuwa kasisi wa kikosi chao. Yeye ndiye mtu mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo katika jeshi la Marekani.

Vita vilikwisha mwaka 1865, na utumwa ukafutwa. Turner alikwenda Georgia, akazunguka vijijini akianzisha makanisa. Mwaka 1867 Kongresi ilipitisha sheria zilizoyaweka majimbo ya kusini chini ya jeshi, na kuyataka yaandike katiba mpya kwa kura za wanaume wote, weusi kwa weupe. Hapo mhubiri akawa mwanasiasa. Makanisa aliyoyajenga yakawa pia shule za uraia, ambamo watu waliokuwa watumwa miaka miwili tu iliyopita walifundishwa maana ya kura, na kuandaliwa katika chama cha Republican, chama kilichopigania kufutwa kwa utumwa.

Mkutano wa kuandika katiba ya Georgia ulianza Desemba 1867 mjini Atlanta, na Turner alikuwa miongoni mwa wajumbe weusi zaidi ya thelathini. Hapa ndipo lilipotendeka jambo ambalo twaomba msomaji alishike vizuri. Katika rasimu ya katiba palikuwa na kifungu kilichosema wazi kwamba mtu mwenye haki ya kupiga kura ana haki pia ya kushika madaraka. Wenzao weupe katika chama waliwaambia wajumbe weusi kwamba kifungu hicho hakina haja, kwa kuwa haki hiyo imo tayari ndani ya haki ya kura. Tena, walisema, kuitaja waziwazi kutawatisha wapiga kura weupe, na katiba nzima inaweza kukataliwa. Wajumbe weusi karibu wote walikubali, na kifungu kikafutwa.

Yatupasa tuwe waangalifu tusiwahukumu upesi. Watu hawa walitoka katika dhuluma ndefu, na walitaka kuonyesha kwamba hawakuja kulipiza kisasi. Turner mwenyewe alikuwa mstari wa mbele katika upole huo. Alifika hadi ya kutaka Jefferson Davis, aliyekuwa rais wa majimbo yaliyoasi ili kuulinda utumwa, asamehewe. Alidhani kwamba wema ungelipwa kwa wema.

Aprili 1868 katiba ilipitishwa, na bunge jipya likachaguliwa. Watu weusi 33 walipata viti: 3 katika Seneti na wengine katika Baraza la Wawakilishi. Turner alichaguliwa kuiwakilisha wilaya ya Bibb, ulipo mji wa Macon. Bunge lilianza kazi Julai mwaka huo, likayatimiza masharti ya Kongresi, na jeshi likaondolewa katika utawala. Lakini mara tu jeshi lilipoondoka, wabunge wa chama cha Democratic, wakisaidiwa na baadhi ya weupe wa chama cha Turner mwenyewe, walisimama wakasema kwamba katiba imewapa watu weusi haki ya kuchagua, haikuwapa haki ya kuchaguliwa. Wakauliza, kiko wapi kifungu kisemacho hivyo? Na kifungu hakikuwapo.

Tarehe 3 Septemba 1868 Turner alisimama katika Baraza la Wawakilishi kujitetea. Hotuba yake ya siku ile imehifadhiwa, na ni miongoni mwa hotuba kubwa za karne ya 19. Alianza kwa kusema kwamba hakuja kuomba wala kujikunyata mbele ya mtu. Amekuja kudai kilicho chake. Aliwauliza kama yeye si mtu, na kama ni mtu, ni kwa sheria gani atanyimwa haki ya mtu. Aliwakumbusha kwamba kwa miaka 250 watu weusi walikuwa wameilima ardhi ile na kuwatajirisha wenyeji wake bila kudai malipo. Aliwaonyesha pia kwamba hoja yao inawaumiza wenyewe: katiba iliyowaleta wote katika jengo lile ilisimama kwa kura za watu weusi. Alikiri kwamba hapo nyuma alikuwa mpole mno kwa watu ambao sasa wanamfukuza. Mwisho aliwashauri watu weusi wasiinue mkono kuitetea Georgia mpaka Georgia itakapokiri kwamba wao ni watu.

Kura zilipohesabiwa, 83 zilitaka wafukuzwe na 23 zilikataa. Turner alitoka pamoja na wenzake. Walibaki 4 tu, ambao ngozi yao ilikuwa nyeupe kiasi cha kutoweza kuthibitishwa kwamba ni weusi. Siku chache baadaye Seneti nayo ilifanya vivyo hivyo. Viti vya waliofukuzwa wakapewa wale walioshindwa katika uchaguzi, yaani watu waliokataliwa na wananchi waliingia bungeni kwa sababu ya rangi yao.

Dhuluma ya bungeni ilitoa ishara kwa wakatili wa mashambani. Tarehe 19 Septemba, siku 16 tu baada ya kura ile, mmoja wa wabunge waliofukuzwa, Philip Joiner, alikuwa katika msafara wa mamia ya watu weusi uliokuwa ukienda mkutano wa siasa katika mji mdogo wa Camilla. Walipofika walipigwa risasi, na waliokimbilia msituni waliwindwa kama wanyama. Watu wasiopungua 9 walikufa na wengine wengi wakajeruhiwa. Mwaka uliofuata, mbunge mwingine mweusi, Abram Colby, alitolewa nyumbani kwake usiku na watu wa kundi la siri la Ku Klux Klan, wakamchapa kwa saa nyingi na kumwacha wakidhani amekufa. Aliishi, na baadaye aliieleza kamati ya Kongresi yote aliyotendewa.

Turner hakukaa kimya. Oktoba 1868 aliongoza mkutano wa watu weusi mjini Macon uliounda chama cha kutetea haki zao, na malalamiko yao yakapelekwa Washington. Juni 1869 mahakama ya juu ya Georgia, katika kesi ya karani mmoja mweusi wa mahakama ya Savannah, iliamua kwamba mtu mweusi anayo haki ya kushika madaraka katika jimbo lile. Bunge halikuijali hukumu hiyo. Desemba 1869 Kongresi ilipitisha sheria iliyoirudisha Georgia chini ya usimamizi wa jeshi, na Januari 1870 waliofukuzwa wakarudishwa katika viti vyao. Mwezi uliofuata bunge hilo liliidhinisha rekebisho la 15 la Katiba ya Marekani, linalokataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi.

Turner alirudi na kazi mkononi. Alipeleka muswada wa kuweka kikomo cha saa 8 za kazi kwa siku, na mwingine wa kukataza ubaguzi katika vyombo vya usafiri. Yote miwili haikupita. Twaweza kusema kwamba alishindwa, lakini mtu apimwe pia kwa yale aliyoyadai. Uchaguzi wa Desemba 1870 uligubikwa na vitisho na udanganyifu. Chama cha Democratic kililishika bunge, na Turner hakurudi tena.

Baada ya hapo aliendelea kulitumikia kanisa lake, na mwaka 1880 akawa askofu. Mwaka 1883 Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha sheria iliyokataza ubaguzi katika hoteli na vyombo vya usafiri, na hapo tumaini lake kwa nchi ile likakatika. Akazidi kuhubiri kwamba watu weusi warudi Afrika. Alifika Sierra Leone na Liberia mwaka 1891. Mwaka 1898 alifika Afrika Kusini, ambako Mangena Mokone na wachungaji wengine Waafrika walikuwa wamejitenga na makanisa ya wazungu mwaka 1892, wakaunda Kanisa la Kiethiopia, na baadaye wakajiunga na kanisa la Turner. Huko aliwabariki wachungaji wengi Waafrika, na watawala wa makaburu na wa Kiingereza wakaiangalia ziara hiyo kwa wasiwasi. Hivyo sauti iliyonyamazishwa Atlanta ilisikika Pretoria.

Hatupaswi kuficha kwamba katika shauri la kurudi Afrika alikosea pia. Zaidi ya watu 500 walisafiri kwenda Liberia kwa meli mbili, mwaka 1895 na 1896, wakiwa na maandalizi haba. Wengi waliuawa na homa, na wengine walirudi wakiwa maskini kuliko walivyoondoka. Turner alifariki mwaka 1915 huko Windsor, nchini Kanada.

Georgia nayo ilikawia kujifunza. Mwaka 1908 ilibadili katiba yake ili kuwanyima watu weusi kura kwa hila za mitihani na mali. Mtu mweusi hakuingia tena katika bunge lile mpaka Leroy Johnson alipochaguliwa katika Seneti mwaka 1962. Januari 1966 Baraza la Wawakilishi lilikataa kumpa kiti Julian Bond, kijana mweusi aliyechaguliwa kihalali, kwa sababu alipinga vita vya Vietnam. Safari hii Mahakama Kuu ya nchi iliamua, Desemba mwaka huo huo, kwamba apewe kiti chake. Na mwaka 1978 katika uwanja wa jengo la bunge mjini Atlanta ilisimamishwa sanamu ya kuwakumbuka wale 33 wa mwaka 1868.

Tumeanza kwa methali, na sasa yatubidi tuipime. Ni kweli kwamba wajumbe wa Atlanta waliiacha mali yao bila daftari, nayo ikaisha. Walikubali neno la mdomo mahali palipotaka wino. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumesoma nusu ya habari. Mwaka 1869 mahakama iliiandika haki ile, na mwaka 1870 rekebisho la Katiba likaithibitisha haki ya kura. Hata hivyo watu weusi walinyang'anywa kura kwa karibu karne nzima. Daftari lenyewe lataka mlinzi, na mlinzi wa haki si karatasi wala jeshi la mbali, bali ni wananchi wanaoijua haki hiyo na wanaokataa kuiona ikiguswa, hata inapokuwa ni ya jirani. Wabunge 23 walikataa dhuluma siku ile ya Septemba. Kama wangalikuwa wengi zaidi, historia ya Georgia ingalikuwa nyingine.